Betri ya gari dogo la zamani: soma dalili kabla ya kununua mpya

Gari likigoma kuwaka asubuhi, lawama ya kwanza huiangukia betri. Jirani atasogea, atasikia stata inavyokoroma, atasema, "Hiyo betri imekufa, kanunue nyingine." Mara nyingi betri kweli haina chaji. Lakini kuisha chaji na kufa ni mambo mawili, na watu wanapoteza pesa nyingi kwa kuyachanganya. Ukifunga betri mpya kwenye gari ambalo alterneta yake (mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme) haichaji, au lenye kitu kinachonyonya umeme usiku kucha, litawaka vizuri wiki ya kwanza, halafu tatizo litarudi lilelile. Betri hiyo mpya nayo itakuwa imeanza kuharibika.

Nazungumzia hapa magari madogo ya Kijapani yaliyojaa mitaani kwetu: Vitz za kwanza zilizotoka mwaka 1999, Starlet, Duet, March, Passo na wenzao. Yote yanatumia betri ya volti 12 ya risasi na asidi, yenye seli sita, na yote yamefika umri ambao waya, vibanio vya kwenye vichwa vya betri na alterneta vimechoka pamoja. Ndiyo maana kwenye magari haya dalili moja inaweza kuwa na chanzo zaidi ya kimoja.

Unachohitaji ni kidogo. Mita ya umeme ya kidijitali, hata ile ya bei ndogo, inatosha. Tafuta na spana namba 10, brashi ya waya, glavu, na kitu cha kukinga macho. Kwa mwenye gari la zamani, mita hii ina faida kuliko jeki ya pili.

Vipimo vitatu vya kuanzia

Pima kwanza gari likiwa limelala, asubuhi kabla hujawasha kitu chochote. Weka mita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye kichwa cha chanya, mweusi kwenye hasi. Betri iliyojaa inasoma 12.6 au zaidi kidogo. Kwenye 12.4 imebaki na kama robo tatu, 12.2 ni nusu, 12.0 ni robo, na ikishuka hadi 11.8 hesabu kwamba haina kitu. Ukikuta iko karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa, maana kila seli nzima hutoa volti 2.1 na hapo umepungukiwa na seli nzima. Betri ya namna hiyo haiponi kwa kuchaji.

Kama umetoka kuendesha sasa hivi, usiiamini namba ya kwanza. Betri hubaki na chaji ya juu juu inayodanganya mita. Washa taa kubwa kwa dakika mbili, zima, subiri dakika chache, ndipo upime.

Kipimo cha pili ni wakati wa kupiga stata. Mwenzako azungushe ufunguo, wewe angalia mita. Namba itashuka, na ni kawaida ishuke, lakini isiende chini ya 9.6. Kwa joto letu la pwani, betri nzima kwenye injini ya lita moja kwa kawaida hukaa juu ya 10. Betri inayosoma 12.6 ikiwa imelala, halafu ikaporomoka hadi 7 stata inapogusa, imechoka ndani hata kama taa zake zinang'aa.

Cha tatu ni injini ikiwa inanguruma. Washa taa kubwa, feni ya ndani na kiyoyozi, kisha pima tena palepale kwenye betri. Unatafuta kati ya 13.8 na 14.5. Ikiwa imebaki 12 na kitu na inazidi kushuka, alterneta haichaji. Ikivuka 15, alterneta inachaji kupita kiasi na itaikausha betri.

Andika namba hizo tatu. Kila dalili nitakayoeleza hapa chini inarudi kwenye namba hizo.

Unazungusha ufunguo, hakuna hata sauti

Tazama taa za dashibodi kwanza. Kama nazo zimekufa kabisa, au zilikuwepo zikazimika ghafla ulipopiga stata, nenda kwenye vichwa vya betri kabla ya kufikiria kingine. Shika kila kibanio kwa mkono ujaribu kukizungusha. Kikizunguka, hata kidogo, hapo ndipo tatizo lilipo. Kibanio cha betri hakitakiwi kucheza kwa nguvu ya mkono.

Kuna hila moja ya kupima ambayo ningependa kila mwenye gari aijue. Ncha nyeusi ya mita ikiwa kwenye kichwa cha hasi, weka nyekundu katikati ya kichwa chenyewe cha risasi cha chanya, si kwenye kibanio, na mwenzako apige stata. Soma namba. Kisha hamisha ncha hiyo iguse kibanio chenyewe, mwambie apige tena. Namba hizo mbili zinatakiwa kukaribiana sana. Ukikuta kichwa kinasoma 11.5 na kibanio kinasoma 6, betri yako ni nzima, ila umeme haufiki kwenye gari kwa sababu ya uchafu katikati. Fanya hivyo pia kwa hasi, na mwisho kati ya kichwa cha hasi na chuma kitupu cha injini. Waya wa ethi, yaani wa hasi, unaotoka betri kwenda kwenye bodi na injini, kwenye magari yaliyokaa pwani, huoza ndani ya mpira wake huku kwa nje ukionekana mzuri.

Kama taa zinang'aa vizuri na hazififii hata kidogo ukizungusha ufunguo, umeme haujafika kwenye stata. Gari la otomatiki lisilokuwa kwenye P au N halipigi stata, na swichi inayosoma gia hiyo huchakaa. Jaribu kuwasha likiwa N. Kama linawaka N na kugoma P, betri haihusiki.

Linasema "tak" moja, au "tak-tak-tak"

Sauti hizi mbili zinafanana masikioni lakini zina maana tofauti.

Mlio wa haraka haraka unaojirudia, huku taa za dashibodi zikipepesa, ni betri iliyoisha chaji au kibanio kibovu. Umeme unatosha kuvuta sumaku ya stata, lakini stata inapotaka mkondo mkubwa volti zinaanguka, sumaku inaachia, volti zinapanda, inavuta tena. Chaji, safisha vichwa, pima.

"Tak" moja nzito, taa zikiwa zimesimama imara, mara nyingi ni stata yenyewe. Stata nyingi za Toyota zina vipande vya shaba ndani ya sumaku vinavyogusana kupitisha mkondo, na baada ya miaka mingi vinalika upande mmoja. Leo inagoma, ukipiga mara ya tano inakubali, kesho inawaka mara ya kwanza. Watu hubadilisha betri kwa dalili hii, na kwa bahati gari linawaka siku hiyo, wanaamini wamemaliza. Fundi wa umeme anaweza kubadilisha vipande hivyo peke yake bila kununua stata nzima.

Stata inazunguka kwa uvivu asubuhi, mchana inapiga vizuri

Hii ndiyo dalili ya kweli ya betri inayozeeka. Ikiwa kipimo cha asubuhi ni chini ya 12.4 wakati jana jioni uliendesha safari ndefu ya kutosha, kuna mawili: betri haishiki chaji tena, au kuna kitu kinainyonya usiku.

Njia rahisi ya kutenganisha ni hii. Chaji betri mpaka ijae, fungua kibanio cha hasi, iache usiku kucha ikiwa haijaungwa na gari. Asubuhi pima. Kama imeshuka hadi 12.2 ikiwa peke yake, betri imechoka. Kama imebaki 12.6, irudishe kwenye gari, na usiku unaofuata ikishuka, mnyonyaji yuko ndani ya gari.

Kwetu joto ndilo linaloua betri, kuliko chochote kingine. Joto huharakisha kutu kwenye bamba za risasi na kukausha maji. Betri iliyoishi miaka mitano Japani si lazima iishi hivyo Dar es Salaam au Mombasa chini ya boneti ya gari dogo, ambako betri iko karibu na injini. Kama gari lako lilitoka kiwandani na kifuniko cha plastiki cha kuikinga betri na joto, usikitupe.

Foleni nayo ina sehemu yake. Gari la lita moja linalotambaa kutoka Kimara hadi Posta usiku, taa zimewashwa, kiyoyozi kinafanya kazi, redio inapiga, linaitegemea alterneta ndogo inayozunguka taratibu. Betri inaweza kufika nyumbani na chaji pungufu kuliko iliyoondoka nayo. Ikikaa na chaji nusu kwa wiki nyingi, salfeti huganda kwenye bamba na kugoma kurudi kwenye asidi, na uwezo wake hupungua moja kwa moja. Kwa mtu wa safari fupi fupi, kuichaji kwa chaja ya nyumbani mara moja kwa mwezi kunarefusha maisha yake kuliko dawa yoyote ya chupa inayouzwa kwa ahadi ya kufufua betri.

Ukibusti (kuazima umeme wa gari jingine) linawaka, ukiliacha siku mbili limekufa

Hapa natumia muda zaidi, kwa sababu ndilo tatizo linaloongoza kwa kuwafanya watu wanunue betri bila sababu.

Gari lililozimwa na kufungwa bado linatumia umeme kidogo kwa saa, kumbukumbu ya kompyuta na alamu. Kiasi cha kawaida ni chini ya miliampea 50. Fanya hesabu na betri ya ampea-saa 35, ambayo ndiyo saizi ya magari haya. Mnyonyaji wa ampea 0.3 haonekani kwa macho wala hasikiki. Lakini ukiliegesha gari Ijumaa jioni na kulirudia Jumatatu asubuhi, ni kama saa 60, na ameshakula ampea-saa 18. Hiyo ni nusu ya betri. Gari hilo litakuwa zima siku zote za kazi na litagoma kila Jumatatu, na mwenyewe atasema betri ni feki.

Kumpata mnyonyaji: zima kila kitu, toa ufunguo, fungua boneti, funga milango na liache gari litulie kama nusu saa ili kompyuta na alamu zilale. Weka mita kwenye ampea, ile sehemu ya ampea 10, na uhamishe waya mwekundu kwenye tundu lake. Fungua kibanio cha hasi na uunganishe mita kati ya kibanio hicho na kichwa cha hasi. Usipige stata wala kuwasha ufunguo mita ikiwa hapo, utaunguza fyuzi yake. Kama inasoma 0.03, gari halina shida. Kama inasoma 0.3 au zaidi, anza kuchomoa fyuzi moja baada ya nyingine, ukirudisha kila moja mahali pake, mpaka namba ianguke. Fyuzi iliyoiangusha inakuonyesha njia.

Kwenye magari yetu wanyonyaji karibu ni walewale. Alamu iliyofungwa mtaani na waya zake kufungwa kwa selotepu. Kifaa cha kufuatilia gari ambacho betri yake ya ndani imekufa na kinajichaji muda wote. Redio iliyobadilishwa, ambayo waya wake wa kumbukumbu na waya wa ufunguo vimeunganishwa pamoja, hivyo hailali kamwe. Chaja ya simu iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri. Taa ya buti ambayo swichi yake haibonyezwi mlango ukifungwa. Hii utaigundua kwa kuacha simu ndani ya buti ikirekodi video, kisha ufunge.

Na kama umechomoa fyuzi zote na bado inanyonya, fungua waya mnene wa alterneta. Kibanio cha hasi cha betri kiwe kimeshatolewa kwanza, kwa sababu waya ule una umeme wa betri wakati wote na spana ikigusa bodi italeta cheche kali. Funika ncha yake kwa mpira, rudisha mita, soma. Kama mnyonyo umeisha, dayodi za alterneta (vipande vinavyoruhusu umeme kupita upande mmoja tu) zinavuja. Alterneta ya namna hii inaweza kuwa inachaji vizuri mchana na kuinyonya betri usiku, ndiyo maana kipimo cha injini ikinguruma peke yake hakitoshi.

Taa ya betri inawaka kwenye dashibodi ukiwa njiani

Taa ile haisemi betri ni mbovu. Inasema mfumo wa kuchaji umeacha kazi, na kuanzia hapo gari linakula akiba ya betri. Zima kiyoyozi, redio na kila kisichohitajika, usizime injini, elekea mahali salama au kwa fundi. Angalia pia kipimo cha joto la injini. Kuna magari ambayo mkanda uleule wa alterneta ndio unaozungusha pampu ya maji, na ukikatika injini itachemka kabla betri haijaisha. Joto likianza kupanda, simama.

Mkanda uliolegea hulia kwa mlio mkali wa kuchana masikio, hasa asubuhi yenye unyevu au ukiwasha kiyoyozi. Huo unakazwa au kubadilishwa, kazi ndogo. Kama mkanda uko sawa, kinachofuata kwa magari yenye umri huu ni kaboni za alterneta (vipande vidogo vinavyopitisha umeme kwenye sehemu yake inayozunguka). Zinalika hadi kuisha, na dalili yake ni taa inayofifia na kuwaka, inayokuja ukiwa kwenye foleni na kupotea ukiongeza mwendo. Kubadilisha kaboni ni bei ndogo sana ukilinganisha na alterneta nzima. Muulize fundi kuhusu kaboni kabla hajakwambia habari ya alterneta ya mtumba.

Na zungusha ufunguo bila kuwasha injini: taa ya betri lazima iwake. Kama haiwaki hapo, balbu imeungua au waya umekatika, na kwenye mifumo mingine alterneta haitaamka kuchaji bila njia hiyo.

Sasa, kuna upimaji mmoja unaofanywa na mafundi wengi ambao nakuomba usiukubali kwenye gari lako. Fundi anawasha injini, anafungua kibanio cha betri gari likiwa linanguruma, likiendelea kunguruma anasema alterneta ni nzima. Mbinu hii ilitoka kwenye magari ya zamani sana yasiyokuwa na kompyuta. Betri ndiyo inayotuliza umeme wa alterneta. Ukiitoa ghafla, volti zinaruka juu kwa kishindo na zinaweza kuua dayodi za alterneta, kompyuta ya injini au redio. Na jibu unalopata halina maana, kwa sababu alterneta inayochaji kidogo mno inaweza bado kuifanya injini iendelee. Mita inakupa jibu sahihi kwa sekunde chache bila kufungua kitu.

Maji yanakauka haraka, harufu ya yai viza, betri imevimba

Zima gari na uache boneti wazi. Harufu hiyo ni gesi inayotoka betri inapochemka, na pamoja nayo kuna haidrojeni inayolipuka kwa cheche moja. Usivute sigara karibu, usijaribu kuona kama ina umeme kwa kugusisha waya.

Ikiwa injini ikinguruma mita inasoma zaidi ya 15, kidhibiti cha alterneta kimeharibika. Ikiwa inasoma 14.3 na bado betri inachemka, fungua vifuniko betri ikiwa imepoa na uangalie. Seli moja ikikauka kuliko nyingine zote, seli hiyo ina hitilafu. Betri iliyovimba ubavuni haitengenezeki. Itoe.

Kwa betri za kawaida, maji hupungua taratibu na huo si ugonjwa. Kinachopotea ni maji, asidi inabaki ndani. Kwa hiyo kinachoongezwa ni maji ya betri yaliyosafishwa, basi. Usikubali mtu aongeze asidi, ile mafundi wengine wanaiita maji makali, eti kuipa nguvu. Itapiga stata vizuri siku chache huku ikila bamba. Usitie maji ya bomba, wala ya kisima, na hapa Dar visima vingi vina chumvi. Maji ya kunywa ya chupa nayo yana madini, hayafai. Betri za Kijapani zina mistari miwili ubavuni, UPPER na LOWER. Jaza mpaka chini kidogo ya mstari wa juu, na fanya hivyo baada ya kuchaji, kwa kuwa kiwango hupanda betri ikijaa. Kama bamba zimeshatokeza juu ya maji, zifunike kwanza kidogo, chaji, kisha malizia.

Zile zilizofungwa kabisa, ambazo wengi huziita betri kavu, zina asidi ndani vilevile. Kijicho cha kijani kilicho juu yake kinasoma seli moja tu kati ya sita. Kikiwa cha kijani hakikuhakikishii hizo tano nyingine.

Unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa

Ni kutu ya asidi, na inazuia umeme. Toa vibanio, hasi kwanza. Koroga kijiko cha magadi, yale ya kulainishia maharage, kwenye kikombe cha maji ya uvuguvugu, mimina juu ya kutu taratibu, itatoa povu. Hakikisha vifuniko vya seli vimefungwa ili magadi yasiingie ndani. Povu likiisha, suuza, kausha, sugua kichwa na ndani ya kibanio kwa brashi mpaka risasi ing'ae. Funga, kaza, kisha paka grisi au mafuta ya mgando kwa nje. Unga ukirudi baada ya wiki mbili kwenye kichwa kilekile, asidi inavuja kwenye shina lake.

Kubusti bila kuharibu gari la mwenzako

Nyekundu kwenye chanya ya betri iliyokufa, kisha chanya ya nzima. Nyeusi kwenye hasi ya nzima, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri, ili cheche isiangukie kwenye gesi. Gari zima lingurume dakika tano ndipo upige stata. Kutoa ni kinyume chake. Nyaya nyembamba zinazopata moto mkononi hazipitishi mkondo wa kutosha. Ukigeuza chanya na hasi, hata kwa mguso mmoja, unaweza kuunguza fyuzi kuu na dayodi za magari yote mawili, kwa hiyo soma alama + na − kwenye betri yenyewe, usiamini rangi za waya, maana gari la zamani limeshapita mikono mingi.

Gari likishawaka, usitegemee alterneta ijaze betri iliyoisha chaji. Alterneta itapata moto. Chaja ya ampea 3 hadi 4 kwa betri ndogo hii, usiku mzima, ndiyo kazi sahihi. Na betri iliyoshuka hadi volti 11 usiipeleke kwa mtu anayechaji kwa dakika ishirini na mkondo mkubwa. Inatoka ya moto na namba nzuri, kesho imeanguka.

Vipimo vimethibitisha: betri imekwisha

Soma maandishi ya betri unayoitoa, au bora zaidi kitabu cha gari, kwa sababu betri iliyomo inaweza kuwa ilifungwa kwa makosa. Kwenye 46B24L, namba ya kwanza ni daraja la nguvu, B ni upana na kimo, 24 ni urefu kwa sentimita, na L au R ni upande ilipo chanya, ukiitazama betri kutoka ubavu wake mfupi ulio karibu na chanya. Majina tunayotumia dukani yanaendana hivi: NS40ZL ni 36B20L, yenye kama ampea-saa 35, na NS60L ni 46B24L, yenye kama 45. Vitz ndogo za mwanzo kwa kawaida zinakaa na B19. Kama trei na kibanio cha gari lako vinapokea B24, ongezeko hilo ni zuri kwa mwenye foleni na safari fupi.

Angalia mambo mawili watu wanayoyasahau. L na R: ukichukua upande usio wako, waya hautafika, au utavutwa mpaka uguse bodi. Na unene wa vichwa: betri za B huja na vichwa vyembamba au vinene, na S mwishoni, kama 46B24LS, ni vinene. Nimeona kichwa kipya cha risasi kimechongwa kwa kisu ili kibanio kiingie, na kibanio kikubwa kimegongewa msumari ili kibane kichwa chembamba. Vyote viwili vitalegea na kutengeneza moto.

Dukani pima kabla ya kulipa. Betri mpya iliyojazwa isome 12.5 au zaidi. Iliyokaa rafuni mwaka mzima bila kuchajiwa imeshaanza kuganda salfeti. Kama ni ya kujazwa asidi papo hapo, ijazwe, itulie nusu saa, ichajiwe, ndipo ifungwe. Andikiwa tarehe kwenye kadi ya dhamana na utunze risiti.

Kabla ya kutoa ya zamani, fikiria redio. Baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani hujifunga zikikatiwa umeme na kudai namba ya kufungulia au kadi ya ramani iliyokuja nayo. Kama yako ni hiyo, unganisha betri ndogo ya volti 12 ya akiba kwenye nyaya wakati unabadilisha, na hakikisha ncha za chanya hazigusi chuma.

Toa hasi, kisha chanya, kisha chuma kinachoishikilia betri. Osha trei kwa maji ya magadi, angalia kama imeoza. Weka mpya, na chuma kile kirudi na kukazwa. Barabara zetu zenye mashimo zinatikisa betri isiyofungwa mpaka bamba zinamwaga unga wake chini na kutengeneza shoti. Kamba ya mpira haitoshi. Funga chanya kwanza, hasi mwisho.

Injini inaweza kutetemeka au kuzima ikiwa sailensi (ikinguruma bila kukanyagwa mafuta) baada ya hapo, kwa kuwa kompyuta imesahau ilichojifunza. Iache ingurume dakika kumi bila kiyoyozi, kisha dakika chache na kiyoyozi. Ikizidi kusumbua, hewa inapoingilia injini pana masizi ya kusafishwa.

Betri ya zamani irudishe ulikonunua mpya. Maduka mengi huipunguza kwenye bei kwa sababu risasi yake ina thamani. Isimame wima, usiimwage. Kiwanda cha kuyeyusha betri katika mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, kiliwatia sumu ya risasi wakazi na watoto wao. Phyllis Omido, aliyeongoza mapambano yao, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Anayezunguka mtaani akinunua betri na kumwaga asidi kwenye mtaro analeta sumu hiyohiyo mlangoni kwako, kwa hiyo usimuuzie.

Siku ya kufunga, rudia vipimo vitatu na uandike namba kwa kalamu ya wino mzito kwenye mfuniko wa betri, pamoja na mwezi na mwaka. Baada ya wiki moja kaza vibanio tena, kwa sababu risasi mpya hutulia na kulegea kidogo, na pima asubuhi. Ikisoma chini ya 12.4 wakati unaendesha kila siku, rudi kwenye sehemu ya mnyonyaji wa usiku kabla hujaenda kugombana na muuza duka.